Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Waheshimiwa wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Naleta kwenu taarifa ya chama chetu cha kuelimisha jamii ya mwaka huu, ambao ni wa tatu tangu mniamini na kiti hiki. Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hivyo sitazirefusha. Tulifanya vikao 11 vya mafunzo katika ukumbi wa kijamii, tukaadhimisha tarehe 26 Juni, siku ya kupinga dawa za kulevya duniani, na tarehe 10 Oktoba, siku ya afya ya akili duniani, na mwezi wa Februari tukaeleza uamuzi wa Mahakama Kuu wa tarehe 9 Januari uliobatilisha kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu, kile kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Hicho ndicho kikao pekee kilichojaza ukumbi, kwa sababu wapo wazazi hapa Eastlands, Nairobi, waliowahi kuficha jambo kama hilo nyumbani kwa kuogopa polisi. Kikao cha Agosti kuhusu uraibu wa kubeti, nilichokiandaa mwenyewe, kilihudhuriwa na vijana wanane.

Nafasi iliyobaki naitumia kwa uamuzi wa Aprili, wa kuacha kufungia walevi nyumbani na kutumia mfuko wa dharura kuwafikisha hospitali, maana ndio uliozua manung'uniko, na mengine yamenifikia kupitia watu ambao hata si wanachama.

Kwa miaka mingi, mzazi alipolemewa na mwanawe mlevi, chama kilimpelekea wanaume wawili watatu wa kumsaidia kumfungia kijana chumbani mpaka pombe imtoke. Nami nimewahi kuushikilia mlango huo, sikatai. Mwezi wa Machi kijana mmoja aliyekuwa akinywa chang'aa kila siku alifungiwa hivyo. Usiku wa pili alishikwa na degedege, akajigonga kichwa sakafuni, na akafikishwa hospitali karibu alfajiri. Amepona, na kwa heshima ya familia yake sitataja jina wala mtaa. Mamake alinipigia simu usiku ule akiniuliza afanye nini, nami, mwenyekiti wa chama cha kuelimisha jamii, sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye kwa wauguzi, na nataka kila mmoja wenu aondoke nalo leo. Ubongo uliozoea pombe nyingi kila siku huwa umejipanga kuishi nayo, na ikikatwa ghafla, huchachamaa kama mtu aliyeachiwa kamba aliyokuwa akiivuta kwa nguvu. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48 baada ya mtu kunywa mara ya mwisho. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kutetemeka, kuweweseka, kuona visivyokuwapo, mwili ukachemka na moyo ukaenda mbio, na asipotibiwa anaweza kufa. Hospitalini huzuia hayo kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1. Chumbani tulikuwa na kufuli na jagi la maji.

Ndiyo sababu kamati ilikataza kabisa kufungia watu, na ikaelekeza mfuko wa dharura ulipe nauli na gharama za kwanza za kumfikisha mgonjwa hospitali. Tuliwasaidia watu tisa, sita wa pombe na watatu wa unga, yaani heroini, kwa jumla ya shilingi 46,500. Mfuko ulikuwa na 61,800. Umebaki na 15,300. Imesemwa kwamba nimeugeuza mfuko wa misiba kuwa mfuko wa walevi. Kifungu cha 9 cha katiba yetu kinataja hatari kwa maisha, na hakisemi tungoje mtu afe ndipo tuchange. Imesemwa pia kwamba sikuitisha mkutano. Niliuitisha mara mbili, Aprili na Mei. Mara ya kwanza walikuja 19 na mara ya pili 14, ilhali akidi ni 38.

Kuhusu wale watatu wa unga, wawili wanaendelea na methadoni katika kliniki ya Ngara, dawa inayotolewa badala ya heroini, ambayo wenzetu wa hospitali ya Mathari walianza kuitoa mwaka 2014. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia tunabadilisha ulevi kwa ulevi. Naomba azingatie kwamba dawa hiyo hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na kwamba mtu aliyekaa wiki kadhaa bila unga kisha akarudia kipimo chake cha zamani yumo katika hatari kubwa ya kufa, kwa kuwa mwili umeshausahau. Kumfungia huyo kungekuwa kumwandalia kifo cha siku ya kutoka. Uamuzi huu niliusimamia mimi, stakabadhi zote nilizitia saini mimi, na ningeusimamia tena.

Sasa ada. Wanachama ni 112, waliolipa shilingi 1,200 za mwaka ni 41, kwa hivyo tulikusanya 49,200 na tunadai 85,200. Ukumbi umekula 22,000 na nakala za mafunzo 6,300. Mahudhurio ya vikao, ukiacha kile cha Februari, hayakupita watu 23. Inaniuma kuona kwamba wengi wa waliolalamika sana kuhusu mfuko hawamo kati ya hao 41.

Mwaka ujao tunatumaini kumpata mshauri nasaha wa kukaa na familia, hasa wake na mama za waraibu, ambao hadi sasa tumewaita tu kuja kusikiliza. Tunatumaini pia kuzifikia shule za jirani, Mungu akipenda na ada zikilipwa.

Stakabadhi za zile 46,500 ziko kwa mweka hazina, zimepangwa kwa tarehe na majina ya wagonjwa yamefunikwa. Mwanachama yeyote aliyelipa au asiyelipa anaweza kuzikagua leo kabla hatujafunga ukumbi.

Mwenyekiti