Wanaosema umekonda

Mpendwa Mwanaidi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili kicheko kikakata. Kwamba mama mkwe alikushika mkono mbele ya wageni, akazungusha kidole gumba na cha kati kwenye kifundo chako, vikakutana na nafasi ikabaki, kisha akamgeukia mwanawe kumwuliza anakulisha nini: naiona kabisa, kama vile nilikuwa nimekaa kochi la pili. Pole sana. Nawe karibu chamani, maana wengi wetu tunaoendesha baiskeli masafa marefu tumeshapimwa kwa vidole namna hiyo.

Usidhani ni wewe peke yako. Shangazi yangu akiniona hata salamu haitangulii, ni "Mwanangu, umebaki macho!" Kazini swali ni moja tu, "Una mawazo?", na anayeuliza huwa ameshajijibu mwenyewe kwamba ndoa inanitesa au madeni yamenizidi. Jirani mmoja alinivuta pembeni, akashusha sauti, akaniuliza kama nimeshapima. Hakusema nipime nini, na wala haikuhitajika. Halafu wapo wanaonivuta pembeni kwa haja tofauti kabisa: niwape siri ya kupunguza tumbo. Yote hayo yanaweza kunikuta kwenye shughuli moja, jioni moja. Huyu ananionea huruma, yule ananionea wivu, na kati yao hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za baiskeli.

Nadhani najua kinachowachanganya. Tukivaa nguo za kawaida kinachoonekana ni uso, mitulinga na mikono, na huko wembamba haufichiki. Mashavu yanabonyea, jua na upepo wa barabarani vinamalizia kazi, mtu anaonekana kazidi umri wake. Nguvu iko mapajani, na mapaja yamefunikwa. Suruali zangu ndizo zinazojua ukweli: ya kunitosha kiunoni haipiti mapajani, na ya kupita mapajani inaacha nafasi ya ngumi kiunoni. Fundi wangu siku hizi hashangai, anauliza tu, "Hii nayo ya baiskeli?" na kuanza kupunguza.

Na hata mapaja yakionekana, si kwamba watu hutulia. Mwaka 2017, baada ya hatua ya 16 ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa yanayokwenda wiki tatu, mshindani mmoja Mpolandi, Paweł Poljański, aliweka mtandaoni picha ya miguu yake. Mishipa ilikuwa imechomoza kila upande kama mizizi ya mti mkubwa, ngozi imekaza, rangi ya jua imekatika pale kaptura inapoishia. Picha ile ilizunguka dunia nzima, watu wakashtuka, wengine wakamwona mgonjwa kabisa. Mwenyewe alikuwa ameandika kwa utani tu kwamba miguu inaonekana imechoka kidogo. Mafuta yakiwa haba chini ya ngozi, na damu ikiwa imesukumwa kwa saa nyingi kwenye joto, mishipa haina pa kujificha.

Kama mama mkwe ni mtu wa hesabu, mpe mfano wa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne. Alipopimwa maabara mwaka 2007 alikuwa na kilo 75.6, na mafuta mwilini asilimia 16.9. Mwaka 2015, wiki chache baada ya kushinda Tour yake ya pili, alipimwa tena: kilo 69.9, mafuta asilimia 9.8. Na yule ni mtu wa mita 1.86, kwa hiyo ukimwona bila kujua kazi yake nawe ungemtafutia sahani. Lakini kiasi cha oksijeni ambacho mwili wake uliweza kutumia akikanyaga kwa nguvu zote hakikuwa kimebadilika sana. Injini ilikuwa ileile, mzigo ndio uliopungua. Mlimani kila kilo unaipandisha wewe mwenyewe, ndiyo maana wenzetu wa mashindano hawaachi kuhesabu wati kwa kilo, yaani nguvu ya kukanyaga ukiigawa kwa uzito wa mwili. Kwenye tambarare hesabu hiyo haina maana sana, huko unapambana na upepo. Na sisi wa kukesha barabarani, kwa maoni yangu, hatushindwi na uzito hata kidogo. Tunashindwa na usingizi, na tunashindwa na tumbo linapokataa kupokea chakula.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae chini kuandika badala ya kukupigia simu. Shangazi na mama mkwe hawanitishi. Wanaonitisha ni wenzetu wa baiskeli wenyewe, kwa sifa zao. Uliandika, kama jambo la kupita tu, kwamba kikundi chako kinakusifu: "Umekauka vizuri, msimu huu watakukoma." Sentensi hiyo ilinikaa kooni kuliko habari zote za mama mkwe.

Kuna mwenzetu mmoja tuliyekuwa tukiendesha naye. Kila akipungua, anasifiwa. Akaanza kutoka asubuhi bila kula, akawa anarudi na chakula chake mfukoni kikiwa hakijafunguliwa, na hata hilo likasifiwa, eti ana nidhamu. Hedhi ilipokata, mtu mzima na akili zake alimwambia ni dalili kwamba mazoezi yanaingia. Alikuwa anasikia baridi wakati sisi tunavua koti. Usiku halali, mafua hayamwishi, hasira za karibu. Siku moja alisimama kwenye makutano, mguu ukachelewa kutoka kwenye pedali, maana viatu vyetu hunasa humo, akaanguka ubavu akiwa hata haendi. Mwanguko wa aibu, ule ambao wote tumeshaanguka na kuinuka tukicheka. Yeye nyonga ilivunjika.

Baiskeli ina ubaya wake huo, na hausemwi vya kutosha. Mfupa hujengeka kwa kubeba uzito na kutikiswa, kama anavyotikisika mtu anayekimbia au kuruka. Sisi uzito wetu unabebwa na tandiko. Kwa hiyo unaweza kuwa na moyo wa chuma na mapaja ya kutisha, halafu mifupa ya mgongo ikawa dhaifu kuliko ya mtu asiyefanya mazoezi kabisa. Ukiongezea na kula pungufu ya kazi unayoifanya, mwili unaanza kufunga milango mmoja baada ya mwingine: uzazi, mifupa, kinga, usingizi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea waraka hali hiyo mwaka 2014, na ikasema wazi kwamba inawapata wanaume pia. Mwanamume hana hedhi ya kumpigia kengele, basi anaendelea tu kusifiwa.

Nawe uliona maneno yalivyokuwa mwaka 2025, Pauline Ferrand-Prévot aliposhinda Tour de France ya wanawake. Alisema mwenyewe kwamba alipunguza uzito kwa ajili ya mbio zile, na kwamba hali hiyo si ya mtu kuishi nayo. Demi Vollering, aliyeshika nafasi ya pili, naye akaeleza kwamba mwili wake haukuumbwa kuwa mwembamba kiasi hicho na hana mpango wa kuulazimisha. Watu wakagawana pande. Mimi nilichokipenda ni kwamba safari hii waliosema walikuwa wenye miili yenyewe, si watazamaji.

Umeniuliza uwajibu nini. Sina jibu moja. Jirani yule nilimwambia nimepima, ahsante, na yeye je, amepima lini? Tangu siku hiyo tunazungumzia mvua. Wanaotaka siri ya tumbo nawakaribisha tutoke wote alfajiri, na mpaka leo sijampata hata mmoja getini. Shangazi nilimwonyesha kwa vitendo: nilitoka safari ndefu nikala mbele yake, akajaza sahani, nikamaliza, akajaza tena, nikamaliza, akaanza kunitazama mimi badala ya sahani. Siku hizi kilio chake ni kwamba namaliza chakula cha wengine. Ukitaka kumshangaza mama mkwe, mwambie kwamba waendeshaji wa Tour huweza kula zaidi ya kalori 5,000 kwa siku, mtu mmoja, na siku za milima wakaongeza, ilhali mwanamke wa kawaida anakadiriwa kuhitaji 2,000 hivi. Umpe na kazi ya kukufungia chakula cha njiani. Mama mkwe mwenye kazi hana muda wa kupima vifundo.

Lakini usimcheke sana. Katika wote hao, ni yeye peke yake aliyeuliza unakula nini.

Nami nakuuliza yangu, na unijibu kwa maandishi, si kwa kichekesho cha sauti kwenye simu. Hedhi yako inakuja kwa tarehe zake? Ukiwa barabarani kwa muda wa saa nne, tano, unakula au unarudi na mifuko imejaa? Unalala? Na kuna siku yoyote ya wiki unayobeba vitu vizito au kukimbia, au ni tandiko tu? Kama jibu la swali la kwanza ni hapana, nenda kwa daktari kabla ya mbio zile unazojiandalia, na umwambie una saa ngapi kwa wiki juu ya baiskeli, maana akikuona umevaa nguo za kawaida naye atakuuliza kama una mawazo.

Mwenzako wa njiani,
Saida