Kabla hujasema apdeti imeua taima ya saa yako

Wiki iliyopita dada mmoja mwoka keki, mkazi wa Chuda, aliingia dukani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, akiwa na saa mkononi na kibakuli cha plastiki. Salamu hakutoa. Alifunua kifuniko akaniambia, "Fundi, tazama kazi yako." Ndani mlikuwa na kipande cha keki, chini kimeungua, cheusi ti. Ilikuwa oda ya sendofu. Aliweka taima ya dakika 40 kwenye saa, akaendelea kupiga krimu kwa mashine, muda ukaisha na yeye hakusikia kitu. Siku mbili kabla alikuwa ametulipa shilingi 10,000 tumfanyie apdeti, yaani kuiwekea toleo jipya la programu, Apple Watch yake. Kwa hesabu zake, hela tumemlia na keki tumemuunguzia.

Malalamiko haya si ya kwanza. "Tangu mlipoigusa, taima hailii." "Taima imepotea." "Nirudishieni ya zamani." Mteja akishaamini fundi kamharibia, maelezo ya mdomo hayamwingii, na kwa kweli simlaumu, maana kalipa hela yake na kazi imemharibikia. Ndiyo maana leo naandika jambo lenyewe taratibu.

Nilichukua saa ya dada yule nikaiweka kwenye chaja, nikaweka taima ya dakika moja. Ikalia, tena kwa nguvu. Nikamwambia aivae, nikaweka dakika moja nyingine. Kimya. Ilimtetemesha mkono tu. "Si unaona?" akasema. Naam, niliona, na ndipo palipo na jibu. Saa ya aina hii ikiwa kwenye hali ya kimya, taima haitoi sauti, inatetema tu. Lakini ikiwa inachaji, taima na alamu hulia hata kama kimya kimewashwa. Ndiyo sababu mtu anaijaribu usiku ikiwa kwenye chaja, anaridhika, na kesho yake jikoni haisikii. Mtu ameshika mashine ya kupigia krimu, mkono mzima unatetemeka. Ule mtetemo mdogo wa saa atautambuaje?

Swali likabaki: nani aliwasha hali ya kimya? Yeye aliapa hakugusa. Mimi nilijua tuliiacha inalia, kwa sababu huwa tunapima kabla ya kukabidhi. Nikamwomba, "Dada, niwekee taima kama unavyofanya ukiwa kazini, usinifikirie mimi." Akabonyeza kitufe cha pembeni, kile kirefu cha bapa, kisha bila hata kutazama vizuri akagusa skrini kwa kidole cha shahada. Pale alipogusa palikuwa na alama ya kengele. Hali ya kimya ikabadilika mbele ya macho yetu wote wawili.

Mkono wake ulikuwa umezoea njia ya zamani. Saa yake ni Series 5 na ilikuwa kwenye watchOS 8, yaani toleo la nane la programu inayoendesha saa hizi, tangu aliponunua. Kwenye toleo hilo kitufe cha pembeni kilikuwa kinafungua orodha ya programu alizozipenda, na taima ilikuwa humo. Kuanzia watchOS 10, iliyotoka mwaka 2023, kitufe hicho hicho kinafungua ubao wa swichi: waifai, tochi, hali ya ndege, na hiyo kengele. Zamani ubao huo ulikuwa unavutwa kwa kidole kutoka chini ya skrini. Sasa ukivuta kutoka chini unapata vijikadi vya hali ya hewa, kalenda na kadhalika. Kwa hiyo apdeti haikuua taima. Ilihamisha milango, na mtu akaendelea kuingia kwa mlango aliouzoea miaka mitatu.

Dawa yake ilichukua dakika kumi. Nilihakikisha kimya kimezimwa, nikaongeza sauti, nikamwekea taima kwenye uso wa saa ili aiguse moja kwa moja bila kupita kwenye kitufe chochote. Nikamhifadhia dakika zake anazozitumia kila siku: 40 za keki kubwa, 25 za kapkeki, 12 za biskuti. Nikamwonyesha kwamba akibonyeza mara mbili kile kigurudumu cha pembeni anapata programu alizotumia karibuni. Pia hakuwa anajua kwamba saa yake inaweza kuhesabu taima kadhaa kwa wakati mmoja, jambo lililokuwepo tangu watchOS 8. Alikuwa anasubiri moja iishe ndipo aweke nyingine, huku ana majiko mawili!

Keki ile sikumlipa, na sikumtoza kwa kazi ya pili. Ila tulibadilisha utaratibu wetu siku ile ile. Sasa hakuna mteja wa apdeti anayetoka dukani kabla hajaweka taima mwenyewe, kwa mkono wake, akaisikia ikilia saa ikiwa imevaliwa.

Sasa nije kwenye lile linalonikera zaidi. Watu wengi taima ikiwasumbua hawaji kwetu kwanza, wanafuta saa yote. Kuna kijana wa Makorora alinunua saa ya mtumba kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam. Baada ya apdeti akaona taima haimsikilizi, akapelekwa kwa jamaa mmoja akaambiwa "tunaiflashi, elfu tano tu, inarudi kama mpya." Ikafutwa hapo hapo kwenye saa yenyewe. Ilipowaka ikadai akaunti na nywila ya mwenye saa wa kwanza. Kufuta kwenye saa hakuondoi kufuli la akaunti hata siku moja. Alipokuja kwetu nilimwambia ukweli: hakuna fundi mwaminifu atakayekufungulia hiyo, ni kazi ya mwenye akaunti, naye anaweza kuiondoa kwa intaneti akiwa popote alipo. Simu ya muuzaji ilikuwa haipatikani. Saa ile bado iko kwenye droo yake kule nyumbani, na huenda tatizo la taima yake lilikuwa ile kengele ya kimya tu.

Ikibidi saa ifutwe, ivunjiwe muungano kupitia simu iliyounganishwa nayo. Hapo simu inatunza nakala ya vitu vyako yenyewe kabla ya kufuta, na mwenye akaunti akiweka nywila yake kufuli linaondoka. Mpangilio wako unarudi. Ukifuta kwenye saa peke yake, nakala mpya haipo na kufuli liko pale pale.

Na kurudisha toleo la zamani? Kwa saa hizi haiwezekani, hata ukinipa laki. Anayekuahidi hilo anakutapeli.

Wengine wanauliza mbona apdeti ni shilingi 10,000 wakati "unabonyeza tu." Ngoja nikueleze kazi ilivyo. Saa lazima iwe kwenye chaja na betri ifike angalau asilimia 50, simu iwe karibu, waifai iwe imara. Faili huweza kuzidi GB 1, na hilo bando ni letu. Wakati mwingine simu yenyewe inadai apdeti kwanza: watchOS 10 inataka iPhone XS kwenda juu, yenye iOS 17, ambayo ni programu ya simu hizo. Kisha kuna kusubiri, tena kwa muda mrefu, kwa sababu saa inavuta faili polepole kutoka kwenye simu. Kuna mteja aliitoa saa kwenye chaja kazi ikiwa nusu kwa sababu alikuwa anawahi basi la Lushoto. Tulianza upya Jumatatu yake, naye akaona ni sisi wazembe. Kurekebisha mpangilio peke yake, bila apdeti, ni 5,000, na tukikuta ni kengele tu ya kimya hatukutozi kitu.

Saa za aina nyingine zina mambo yake. Galaxy Watch kuanzia ile ya nne ya mwaka 2021 zinatumia Wear OS, programu ya saa ya Google, na humo kuna sehemu ya kuchagua sauti, mtetemo au vyote viwili, ikague kila baada ya apdeti. Zile saa za bei nafuu nyingi hazina spika ya kulia kabisa. Hizo zitatetema tu, na hakuna apdeti itakayoziletea spika. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Mzee mmoja wa Raskazone anatumia taima ya dakika 5 kusubiri kati ya dawa moja ya macho na nyingine, asubuhi na jioni. Masikio yake yamechoka, sauti haimsaidii. Yeye nilimwekea mtetemo ule mkali, upo kwenye mpangilio wa sauti, nikambana mkanda tundu moja zaidi ili saa iguse ngozi. Nikasema, "Mzee, jaribu." Akakaa kwenye benchi la nje, mkono juu ya goti, macho kafumba. Dakika ilipoisha akafumbua akasema, "Imenigonga, mwanangu."

Ukija, njoo na simu yako, chaja ya saa, na nywila yako unaikumbuka kichwani, usimtume mtoto. Kama saa ni ya mtumba, njoo nayo kabla hujamlipa muuzaji, tukague akaunti. Kazi hiyo ya kukagua tunaifanya bure, Jumatatu hadi Jumamosi, hata kama hukununua kitu kwetu.