Siku Tisini Baada ya Uzinduzi: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka 2025, ambao kwenye fomu zote za Bangkok huandikwa 2568 kwa kalenda ya Kibuddha, ulituletea mambo matatu ambayo hayakuwa kwenye kalenda ya mtu yeyote: hewa chafu ya Januari, tetemeko la tarehe 28 Machi, na msiba wa kitaifa alipofariki Malkia Sirikit tarehe 24 Oktoba. Kila moja liliyakuta maonyesho yetu ya sanaa yakiwa tayari ukutani. Kumbukumbu za vikao na hesabu za mweka hazina mmeshatumiwa, kwa hiyo sitazirudia. Nataka tuzungumzie jambo moja ambalo kamati inaliona ni zito kuliko yote: bajeti za maonyesho mjini hapa huisha usiku wa uzinduzi, ilhali kazi za sanaa huharibika katika siku tisini zinazofuata.

Nianze na tetemeko. Kitovu chake kilikuwa karibu na Mandalay nchini Myanmar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na ukubwa wake ulikuwa 7.7. Kwa mji mwingine umbali huo ungekuwa kinga. Bangkok imekaa juu ya udongo laini wa mfinyanzi, na udongo huo huyakuza mawimbi marefu ya polepole, yale yanayoyumbisha maghorofa. Jengo la ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali lililokuwa likijengwa katika wilaya ya Chatuchak, mjini hapa, liliporomoka na kuua mafundi wengi wa ujenzi.

Mtikisiko wa aina hii hauchomoi skrubu. Hubembeza. Picha iliyotundikwa kwa waya mmoja juu ya msumari mmoja hugeuka pembea, kona zake hugonga ukuta au picha ya jirani, na mwishowe waya huruka kwenye msumari. Tuache kabisa mtindo huo kwa kazi yoyote inayozidi kilo 3. Funga pete mbili za chuma nyuma ya fremu, moja kila upande, kwenye theluthi ya juu, kila pete kwa skrubu mbili. Ukutani tumia kulabu mbili zenye mdomo unaofungika. Chini ya fremu bandika vipande viwili vya mpira ili isiteleze. Ukuta wa jipsamu peke yake haushiki uzito. Nyuma yake pawe na plaiwudi ya milimita 12, na hilo liamuliwe wakati ukuta unajengwa, si siku ya kutundika.

Sanamu ndogo ishikwe kwa nta ya makumbusho, vidonge vinne vya ukubwa wa punje ya mbaazi, kila kona kimoja. Stendi nyembamba na ndefu ijazwe mifuko ya mchanga chini, kilo 20 au zaidi, maana stendi tupu ya mbao ni boksi tu lililosimamishwa. Kila kinachoning'inia darini, projekta zikiwamo, kiwe na kamba ya pili ya chuma iliyofungwa mahali tofauti na pale pa kwanza. Kamba ikifungwa kwenye boriti ileile na skrubu ileile, kikianguka kimoja vyote vinaanguka.

Sasa unyevu, ambao unaharibu kazi nyingi zaidi kuliko tetemeko lolote. Aliyekulia Mombasa au Unguja anaijua hali yenyewe: nguo nyeupe ikikaa sandukuni wakati wa masika hutoka na madoa. Bangkok ni hivyo hivyo karibu mwaka mzima, na kuanzia Mei hadi Oktoba usiku hewa ya nje hukaribia kujaa maji.

Majumba madogo ya maonyesho huzima viyoyozi saa ya kufunga ili kupunguza bili. Mchana chumba kina nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 55. Usiku kinapita asilimia 75. Asubuhi kinarudishwa tena kwa nguvu. Kazi inaishi katika hali mbili za hewa kila siku. Turubai hulegea na kukaza, lakini tabaka la rangi halifuati kwa kasi ileile, na nyufa huanza kwenye kona. Karatasi hujikunja mawimbi, ikagusa kioo na kunata. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota, na huanzia nyuma ya picha ambako hakuna anayetazama.

Nyuzijoto 26 usiku na mchana ni bora kuliko 20 mchana na kuzima usiku. Pamoja na kiyoyozi pawe na mashine ya kukausha hewa, na mashine hiyo iunganishwe mpira wa kutoa maji hadi kwenye bomba la maji machafu. Kosa la kawaida kabisa ni kutegemea ndoo yake: ina lita 4 au 5, inajaa kabla ya usiku wa manane, mashine inajizima yenyewe, na asubuhi mlinzi anaimwaga bila kumwambia mtu. Vipima unyevu vinavyojirekodi viwe viwili, kila kimoja kikiandika kila dakika 15. Kimoja kikae usawa wa macho, cha pili nyuma ya picha iliyo kwenye ukuta wa nje wa jengo. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo itakayokueleza kama ukuta unatoa jasho. Ukiona nyuma pana unyevu zaidi, isogeze fremu milimita 10 kutoka ukutani kwa vipande vya koki ili hewa ipite.

Kazi zinazotoka ghala la baridi zisifunguliwe mlangoni. Hewa ya nyuzijoto 33 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kudondosha maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzijoto 27 hivi. Fremu iliyotoka chumba cha nyuzijoto 20 italowa ndani ya dakika chache, ndani ya kioo pia. Sanduku likae limefungwa kwenye chumba cha maonyesho kwa saa 24.

Kwa kazi za dawa za mitishamba na viungo, kama zile alizotuachia msanii marehemu Montien Boonma, kuna adui wa ziada: mbawakawa wadogo wanaokula mimea mikavu. Mitego ya gundi iwekwe tangu siku ya kwanza na ihesabiwe kila wiki. Idadi ikipanda, chanzo kiko ndani ya chumba.

Kwenye filamu mwaka huu maswali yalikuwa mengi kuliko kwenye kitu kingine chochote, na sababu naielewa. Tangu Scala, sinema iliyofunguliwa 1969, ilipofunga milango yake 2020, filamu za sanaa zimetawanyika: House Samyan, Hifadhi ya Filamu ya Thailand kule Salaya, vyumba vidogo vya mjini, na kuta za majumba ya sanaa. Mji alikozaliwa mwongozaji filamu Apichatpong Weerasethakul, mshindi wa Palme d'Or ya Cannes 2010, haujawahi kutenganisha sana sinema na chumba cha maonyesho. Ila ufundi wa sehemu hizo mbili ni tofauti, na anayeujua mmoja tu hukosea kwenye mwingine.

Sinema hupokea DCP, yaani kifurushi cha kidijitali cha filamu. Kama imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali, ufunguo huo hutengenezwa kwa seva moja mahsusi na kwa muda maalumu. Ukumbi ukibadilisha seva baada ya kutuma cheti kinachoitambulisha, ufunguo hautafungua kitu. Omba cheti upya wiki mbili kabla. Muda nao huandikwa kwa saa za UTC, saa za pamoja za dunia, na Bangkok iko saa saba mbele. Ufunguo unaokwisha saa sita mchana UTC unakwisha saa moja jioni hapa, watazamaji wakiwa wanaketi. Omba ufunguo wenye siku moja ya ziada kila upande. Diski iingizwe kwenye seva siku tatu kabla, na filamu itazamwe mwanzo, katikati na mwisho, sauti ikiwa imefunguliwa.

Tafsiri ya maandishi chini ya picha inahitaji uangalizi wa pekee. Kithai huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo programu isiyokijua hukata mstari katikati ya neno. Irabu na alama za toni hupandana juu ya herufi, nyingine hukaa chini yake. Mistari miwili ikibanwa kama ya Kiswahili, alama za mstari wa chini huingia kwenye herufi za mstari wa juu. Fonti isiyofaa huzitawanya alama hewani. Msomaji wa Kithai atazame faili nzima kwenye skrini ya ukumbi wenyewe, kwa sababu kwenye kompyuta ya mtafsiri maandishi huonekana sawa na kwenye seva ya sinema yakavunjika. Ikiwa hakuna nafasi ya majaribio, yachomwe ndani ya picha moja kwa moja.

Tusisahau sheria. Kwa Sheria ya Filamu na Video ya 2008, filamu za hadharani hupitia bodi iliyo chini ya Wizara ya Utamaduni na kupewa daraja, kuanzia zinazohimizwa kutazamwa hadi zisizoruhusiwa kwa walio chini ya miaka 20. Peleka toleo la mwisho. Msanii akikata dakika mbili baadaye, kilichokaguliwa si kile mtakachoonyesha. Na kwenye fomu andika 2568, si 2025.

Kwenye chumba cha maonyesho, hesabu ni nyingine. Lenzi ya uwiano 1.5 (umbali ukigawanywa kwa upana wa picha) inahitaji mita 6 ili itoe picha ya upana wa mita 4; pima chumba kabla ya kukodi projekta. Maonyesho ya siku 90 kwa saa 10 kwa siku ni saa 900. Projekta ya taa yenye maisha ya saa 2,000 iliyokwisha kutumika saa 1,500 itazimika katikati. Soma kihesabio chake kwenye menyu mbele ya anayekukodisha. Kichezeo cha video, yaani kifaa kinachoicheza filamu, kiwashwe na umeme wenyewe, kianze bila kidole cha mtu, maana asubuhi atakayefungua chumba ni mlinzi, na si haki kumtwika kazi ya fundi.

Hewa chafu nayo ina msimu: Desemba hadi Machi, wakati uleule wa maonyesho mengi ya mjini. Januari 2025 zaidi ya shule 350 zilifungwa. Wiki ya Ubunifu ya Bangkok huja mwishoni mwa Januari au Februari, na mwaka huu iliungana na wiki za mwisho za Bangkok Art Biennale, iliyofungwa tarehe 25 mwezi huo. Kwa vyombo vya nje, vichujio vya projekta visafishwe kila wiki, si kila mwezi. Kitambaa cheupe kilichoning'inizwa barabara ya Charoen Krung hugeuka kijivu kabla wiki mbili hazijaisha, hivyo kishonwe seti mbili au kichaguliwe rangi nyingine. Boksi lililozibwa kila upande kuogopa mvua huua kichezeo kilicho ndani kwa joto. Liache wazi chini, lizibe kwa wavu. Umeme wa kuazima kwa jirani hauna maajabu: volti 220 kwa ampea 10 ni wati 2,200, birika lake likiwamo. Pale mtaa wa Talat Noi, pikipiki za wenyeji lazima zipite. Anayeziba kichochoro anapoteza mtaa mzima kwa mwaka unaofuata, na ni haki yao.

Mahekaluni kama Wat Pho na Wat Arun, hakuna msumari unaoingia ukutani. Kila kitu kisimame chenyewe. Watu hutembea bila viatu, kwa hiyo nyaya zifunikwe bila ncha wala skrubu. Kazi isiwekwe mahali ambapo mtazamaji akiketi ataielekezea sanamu ya Buddha nyayo zake. Ratiba ya mazishi na siku takatifu iombwe kwa watawa mapema, na sauti izimwe siku hizo bila kungoja kuombwa.

Msiba wa Oktoba ulitukuta hatuna mpango. Bendera zilikuwa nusu mlingoti kwa siku 30, na uzinduzi wenye muziki haukuwezekana. Malkia Sirikit ndiye aliyesimamia ufufuo wa hariri ya Kithai, na makumbusho ya vitambaa yenye jina lake, yaliyofunguliwa 2012 ndani ya Kasri Kuu, ni shule ya ufundi wetu: mwanga hafifu, hewa tulivu. Kila mkataba mpya uwe na kifungu cha kuahirisha sherehe bila kuahirisha maonyesho, na kadi za mwaliko ziwe na toleo lisilo na rangi kali.

Majumba mapya ya sanaa, Bangkok Kunsthalle, iliyofunguliwa 2024 katika kiwanda cha uchapaji kilichowahi kuungua, na Dib Bangkok, iliyofunguliwa Desemba hii katika ghala la zamani, zimeongeza nafasi kubwa mjini. Wanachama wanaoomba kazi huko wajiandae: zege tupu la zamani hutoa vumbi na lazima litobolewe kwa majaribio kabla ya kuahidi uzito wowote.

Kuhusu forodha nitasema machache. Masanduku ya mbao halisi za mti yawe na muhuri wa kupashwa joto, nyuzijoto 56 kwa dakika 30. Ya plaiwudi hayahitaji. Sanamu za Buddha, hata mpya, hazitoki nchini bila kibali cha Idara ya Sanaa.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, robo ya bajeti ya kila onyesho linalobeba jina la chama itengwe kwa siku zilizo kati ya uzinduzi na kufunga, isiguswe kabla. La pili, chama kinunue vipima unyevu sita vya kuazimana, vitunzwe na katibu, na kila anayevirudisha arudishe pia rekodi zake ili zihifadhiwe pamoja.

Wenu,
Mwenyekiti