Marubani wamejipanga, sisi madereva je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba vyama vya marubani vifutwe, kwa kuwa watu hao wanalipwa mamilioni na bado wanagoma. Mimi sijui hata mlango wa chumba cha rubani unafunguliwaje. Nimeendesha mabasi ya Dodoma–Mwanza mpaka nikastaafu, na ninayoyasema nayasema kama dereva.

Kilichomuudhi ni mgomo wa marubani wa Kenya Airways wa Novemba 2022. Siwatetei kwa kila kitu. Abiria walikwama Nairobi, shirika lenyewe lilikuwa hoi kwa madeni, na baada ya siku chache mahakama ikawaamuru warudi kazini. Lakini hebu tuangalie walichodai: shirika lirudishe michango yake kwenye mfuko wao wa akiba, na mishahara iliyozuiwa wakati wa korona ilipwe. Hizo ni hela za uzeeni na hela za kazi iliyokwishafanyika. Ulafi uko wapi hapo? Wenzangu wengi hata mkataba hawakuwahi kuuona. Tajiri anakupa posho ya tripu mkononi, gari likifia Sekenke posho inaishia hapo hapo, wewe na utingo mnalala chini ya gari mkisubiri spea.

Watu wanadhani rubani analipwa vizuri kwa sababu anaruka angani. Siyo hivyo, hata Marekani wamekuwepo marubani wa mshahara kiduchu. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema chanzo ni nahodha kuitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza mwendo. Ila uchunguzi ulifukua na jambo jingine: rubani msaidizi, binti wa mshahara mdogo aliyekuwa akiishi kwa wazazi wake upande wa Seattle, alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi nzima ili akaanze kazi Newark. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka madeiwaka wetu, madereva wa kushikizwa gari kwa siku: mtu anashuka gari la Bukoba usiku na alfajiri anapewa jingine kwa sababu mwenye zamu anaumwa. Baada ya ajali ile, familia za marehemu na vyama vya marubani walibana mpaka kanuni zikabadilika. Tangu 2014 rubani wa abiria kule lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya kazi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko nyongeza yoyote ya mshahara, na abiria ndiye anayefaidi kwanza.

Nyongeza nazo hazikuja kwa huruma. Marubani wa Delta, shirika la ndege la Marekani, walipiga kura mwaka 2022, asilimia 99 wakaridhia mgomo, na wala hawakugoma. Sheria ya kule haiwaruhusu kuacha kazi mpaka bodi ya serikali ya upatanishi iwaruhusu. Kura ile ilitosha, hasa kwa kuwa marubani walikuwa adimu, wengi wakiwa wamestaafu mapema wakati wa korona. Machi 2023 wakapata mkataba wa nyongeza ya mshahara ya asilimia 34 kwa miaka minne.

Sisi madereva, Aprili 2015 tulisimamisha mabasi nchi nzima. Tulipata ahadi tukawasha magari. Mei tukagoma tena, maana ahadi haina sahihi ya tajiri.

Na sheria tunayo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika mwajiri analazimika kukitambua na kujadiliana nacho kwa nia njema. Mkishindwana, mnakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iwasuluhishe ndani ya siku 30. Bado? Mnapiga kura, mnatoa notisi ya saa 48. Waongoza ndege wamewekwa kwenye huduma muhimu pamoja na maji, umeme, hospitali na zimamoto, kwa hiyo wao wana kizuizi cha kugoma. Rubani hakutajwa humo. Dereva wa basi la abiria hakutajwa pia.

Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Nilifurahi, nina watoto walimu. Dereva wa basi la mtu binafsi haikumhusu. Na hata aliyehusika aliisikia kutoka jukwaani, hakuijadili mezani.

Hapo ndipo nina ugomvi na viongozi wa vyama vyetu vya wafanyakazi. Makato ya ada hayachelewi hata mwezi mmoja, fulana na kofia za Mei Mosi zinafika, lakini ukiwauliza mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya mishahara na masharti ya kazi, waliousaini na kampuni ya mabasi, wanaanza kukusimulia semina. Waache semina waje stendi ya Nanenane na fomu za uanachama. Waje alfajiri, kabla mabasi ya Kanda ya Ziwa hayajatoka. Madereva wote wanakuwa pale, wanakunywa chai.

Dereva mstaafu,
Ipagala, Dodoma