Risala ya Akina Mama wa Mtaa kwa Mgeni wa Heshima, Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wetu wa Heshima, Bwana Bugumestre, wachungaji, baba na mama: karibuni sana. Tulikungojea tangu saa tatu asubuhi, na kukuona saa nane hii kumetuondolea uchovu wote.

Historia tunaifupisha. Mji wetu ulipoanzishwa mwaka 1910, kampuni ya madini ilileta vijana wa kiume kutoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo ilipoanza kuwahimiza waje na wake zao. Sisi ni wajukuu wao. Likelemba yetu, mchango wa fedha tunaopokezana kwa zamu, haijayumba hata mara moja, na viti vyetu 40 vya plastiki huazimwa hadi komini jirani. Hayo ni maendeleo makubwa.

Sasa maji, Mheshimiwa.

Kijana wa hapa akifika miaka 18 anafunga mzigo. Mwenye karo anahamia upande wa chuo, Kassapa. Asiye nayo anakwenda Fungurume au Kolwezi kuchimba madini. Akizaa huko, mtoto analetwa kwa nkambo wake, yaani bibi au babu. Mwenyewe anarudi mgongo ukishachoka. Mtaani tumebaki wenye mvi na watoto wa shule ya msingi.

Wakubwa waliokutangulia walituahidi foraji, kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, yenye tanki na robine za kufungulia maji. Tukacheza ngoma, tukachinja mbuzi. Ikaja pampu ya mkono. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Lakini chuma chake ni kizito: mtoto wa miaka minane anakining'inia kwa mikono miwili, miguu hewani, na maji hayatoki. Mama wa miaka 70 anasukuma mara kumi, kisha anakalia bidoni yake ya maji. Aliyeichagua alihesabu nyumba, hakuuliza nani anaishi ndani. Mpira wa ndani ulipokatika, fundi naye alikuwa Kolwezi. Tumeandika barua tatu. Nakala zimo katika bahasha hii, zote zina muhuri wa kupokelewa.

Tunaomba pampu ya jua, tanki, na robine nne, mbili ziwe chini kwa kimo cha mtoto. Jiwe la msingi usihangaike nalo, lipo tangu ahadi ile. Muuza mandazi hulikalia.

Kabla ya chakula, tafadhali tuandikie tarehe kwenye daftari letu. Kalamu hii hapa. Maji ya kunawa yanapitishwa sasa. Watoto waliyafuata mbali tangu alfajiri, kwa hiyo tunaomba beseni moja litutoshe sote.