Maua ya Kitulo huja kwa zamu, gazeti litutangazie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimelifikiria kila ninaposhuka kutoka uwanda wa juu wa Kitulo, magoti yamejaa matope na moyo umejaa furaha ambayo ningependa wengi zaidi waionje. Gazeti lako hutuchapishia ratiba ya ligi, bei za mazao sokoni na utabiri wa mvua. Ombi langu ni kwamba, kila mwanzo wa mwezi, lituchapishie pia aya chache za kutujulisha ni maua gani ya porini yamechanua huku Nyanda za Juu Kusini.

Sifa za Kitulo zimeenea. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Tumekwisha kuambiwa kwamba kuna aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi zinazoota ardhini. Tusichoambiwa ni lini. Familia nyingi hupanda huko mwezi Juni, shule zinapofungwa, zikakuta nyasi zimekauka na asubuhi sakitu imetanda, kisha zikarudi mjini zikisema kwamba habari ya maua imetiwa chumvi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi na huniuma kila ninapoisikia, kwa maana likizo ya Desemba nayo ipo, na ndiyo inayoangukia wakati ambapo uwanda ule unaanza kuwaka rangi.

Lakini hata Desemba si mwisho wa habari. Maua yale hayachanui yote kwa pamoja kama taa za sherehe, bali hupokezana, na atakayefika mara moja tu atakuwa ameona zamu moja. Oktoba na Novemba, mahali ambapo moto umepita, ardhi huwa bado nyeusi na majani hayajarefuka, na hapo ndipo vimaua vifupi, vingi vyao vikiwa vya njano na vyenye umbo la nyota, hujitokeza vikiwa vimelala karibu na udongo. Mtu aliye ndani ya gari hawezi kuviona. Mvua zikishashika, nyasi hupanda, na maua nayo hurefusha mashina ili yasifunikwe. Tangu Desemba hadi Machi ni zamu ya okidi, na katika majuma hayo mimi hujitahidi nisikose kupanda.

Niruhusu nisimame kidogo kwenye ua moja. Kuna okidi za jamii ambayo wataalamu huiita Satyrium, ambazo shina lake husimama peke yake katikati ya nyasi, maua madogo yakiwa yamepangana kulizunguka kuanzia chini hadi juu. Kwa mbali ni kama suke la rangi, tena mtu anaweza kulipita. Ukipiga magoti na kulitazama kwa nyuma, utaona kwamba kila ua lina vijimkia viwili vyembamba vinavyoning'inia sambamba, na humo ndimo mnamohifadhiwa asali ya ua inayowavuta wadudu. Mara ya kwanza nilipoviona, mvua ya manyunyu ilikuwa inaanguka na kila kijimkia kilikuwa kimebeba tone la maji kwenye ncha yake. Nilikuwa nimeipita njia ile miaka miwili bila kuinama.

Masika yanapoelekea ukingoni, okidi hupungua, na mchanganyiko wa maua mengine huchukua nafasi yao. Sitayataja yote. Ila sikubaliani na wanaosema kwamba kiangazi hakina kitu, kwa kuwa hata ile Juni inayolaumiwa ina maua yake, yale makavu yanayochakarika kama karatasi ukiyagusa. Asubuhi ya baridi huyakuta yamejifunga kabisa, mtu akadhani yamekufa. Jua likipanda hadi saa nne hivi hufunguka, na mteremko uliokuwa wa kijivu ukageuka mweupe mbele ya macho yako. Familia zile za likizo zingeambiwa zisubiri kwa muda wa saa mbili tu, pengine zisingerudi na masikitiko.

Ndiyo sababu nasisitiza kutembea kwa miguu. Kitulo si mahali pa kuogopa simba au tembo, na mwenye kulipa kiingilio na kufuata maelekezo ya askari wa hifadhi anaweza kutembea kutwa nzima, mbayuwayu wa buluu wakimpita karibu na magoti katika miezi ya mvua. Tena raha haianzii kwenye lango. Barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, ile yenye kona ambazo watu wamezihesabu hata wakaiita Hamsini na Saba, ina kingo zenye maua ya kumtosha mtu asiye na nauli ya kuendelea mbele. Kwenye njia za vijijini, maua ya mwituni huota bega kwa bega na mashamba ya viazi mviringo, ambayo nayo yakichanua ni pambo, na ya pareto, ua jeupe la kupandwa ambalo wakulima wetu wanalijua vizuri kwa sababu hulichuma, hulikausha na kuliuza kwa kilo.

Hapo nafika kwenye jambo linalonitia hofu, na ambalo lazima liwekwe wazi kabla ombi langu halijakubaliwa. Okidi hizi zina viazi vidogo chini ya ardhi, na nchi jirani ya Zambia viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Biashara hiyo imekwisha kuchimbua okidi nyingi mno katika nyanda zetu, na kuhofia hali hiyo kulikuwa miongoni mwa sababu za kutaka Kitulo ilindwe. Siwalaumu wanaopenda chakula chao. Lakini kiazi ndicho akiba ambayo mmea umejiwekea kwa mwaka unaofuata, na mchimbaji hutafuta hasa kile kigumu kipya, si kile cha zamani kilichosinyaa. Akikichukua, hakuna ua mwaka ujao. Mbegu zake nazo ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota pasipo kupata kuvu wa kuzilisha udongoni, kwa hiyo si jambo la kusema tutapanda nyingine.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba aya hizo zitaje mwezi, aina ya ua na sura ya mahali, kama vile bondeni penye unyevu au mteremkoni penye mawe, bila kutaja kamwe sehemu hasa zilipo okidi. Taarifa zinaweza kutoka kwa askari wa hifadhi, kwa walimu wa vijiji vya Makete na Uporoto, na kwa wazee, ambao ndio walionifundisha mimi. Bibi mmoja wa karibu na Matamba aliniona nikipiga picha ua lililokwisha kunyauka, akaniambia, "Mwanangu, umechelewa juma moja. Njoo mbegu zikianguka, utajua pa kutazama mwakani." Nilirudi kama alivyoniagiza, na mwaka uliofuata niliyakuta yamefunguka siku ileile niliyofika.

Juma hili mvua za kwanza zimenyesha Mbeya, na habari nilizopata ni kwamba huko juu pia zimeanza. Jumamosi nitapanda. Nikirudi nitakuandikia orodha fupi ya nilichokikuta kimechanua, na ukiona inafaa, Ndugu Mhariri, iwe ndiyo aya ya kwanza.

Wako katika kutembea,
Msomaji wako, Mbeya