Ufunguo Ninao Mie

Sokomuhogo, Unguja

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Mama miguu tu, na wamjua, hakosi la kulalamikia.

Nimekwenda kuiangalia nyumba yenu kama ulivyoniagiza. Mlango ungali mzima na misumari yake ya shaba, ila barazani wamehamia paka. Taabu iko juu, chumba chako: lipu imevimba, ukiibonyeza unamwagika unga.

Kaka yako kanambia keshapata fundi wa kupiga saruji, siku mbili kazi imekwisha. Shoga, kataa! Kwetu tulifanya hivyo hivyo. Ukuta ukapendeza, tukaalika na wageni. Masika ya pili saruji ikabanduka na jiwe lake. Fundi mzee tuliyemwita baadaye alicheka mpaka akakaa chini. Kuta hizi ni matumbawe na chokaa, anasema, zinakunywa maji na kuyatoa. Ukizipaka saruji maji yanafungika ndani, chumvi inaula ukuta, na vichwa vya boriti vinaoza mlemle visionekane.

Zako mbili zishaanza. Wakumbuka ulivyokuwa ukilalamika chumba chako kama ujia? Ndiyo boriti hizo; mkoko wa boriti haurefuki zaidi ya hapo, basi chumba kinafuata mti.

Najua utasema namchukulia kaka yako nyumba. Lakini tangu Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, lilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020 na watu wawili wakafa, dari ikilia usiku sipati usingizi.

Halafu kuna kibali. Watu wa Mamlaka ya Mji Mkongwe sikuwapenda hata mie, walipotukatalia madirisha ya alumini. Sasa nawaelewa kidogo (kidogo tu). Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kazi ikianza bila kibali watakuja kuisimamisha.

Chokaa inataka subira, shoga. Inarowekwa wiki kadhaa kabla haijashika ukuta, na fundi wake hapatikani kila kona. Yule mzee yuko tayari, lakini anataka kusikia kwako mwenyewe, si kwangu.

Mpigie kaka yako kabla ya Ijumaa. Jumamosi anataka kupakua mifuko ya saruji, na akija kuuliza ufunguo nitamwambia sijui nimeuweka wapi.

Wasalimie watoto.

Wako, shoga yako wa dirisha la pili